Dawa za maumivu na damu yako: parasetamoli, ibuprofeni, aspirini, diklofenaki na metamizoli zikiwekwa pamoja

Watu wakianza kulinganisha dawa za maumivu maswali huwa ni mawili tu, ipi inatuliza haraka na ipi haichomi tumbo, basi. Swali la damu haliji kabisa mpaka limkute mtu wa karibu. Mimi lilinikuta kwa mama mdogo wangu. Alikuwa anameza naproksini kwa ajili ya magoti, siku kama ya nane hivi, jioni akavua soksi akaona pale mpira unapobana kumejaa vidoa vyekundu vidogoo kama ncha ya sindano, haviwashi, haviumi, vimejipanga mstari kabisa. Akasema ni joto. Nikachukua glasi nikaikandamiza juu ya ngozi, nikachungulia kupitia kioo, ngozi ya pembeni ikabadilika rangi kama inavyobadilika ukiibonyeza ila vidoa vikabaki vilevile, yaani damu ilikuwa imeshatoka nje ya mishipa. Asubuhi akapiga mswaki, fizi zikatoa damu haikati. Kipimo cha picha kamili ya damu kikasoma chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, 9,000 wakati kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000.

Alilazwa, dawa ikasimamishwa siku ileile, na ndani ya wiki namba ikawa imepanda vizuri. Kinga yake ilikuwa imeikosea ile dawa, ikawa inazivunja chembe sahani kila dawa ilipokuwepo. Ni kitu adimu kweli, wengi wanameza naproksini miaka na hawakioni. Lakini tangu hapo nimesoma sana hii mambo na nikauliza sana, na haya ninayoyaweka hapa ndo ningependa mtu angetuambia sisi kabla. Msimamo wangu niuseme mapema: usitupe dawa zako kwa hofu, ila kila dawa ya maumivu ina njia yake ya kuigusa damu na ina dalili yake ya kuitambua, alafu kuchagua ipi kunategemea zaidi wewe una nini mwilini na unameza nini kingine kuliko dawa ipi kali.

Tusichanganye madhara

Kuna madhara yanayotokana na kazi ya dawa yenyewe. Haya yanaweza kumpata yeyote na yanaenda na dozi, ukimeza zaidi unadhurika zaidi: chembe sahani zinashindwa kushikana vizuri hivyo damu inachelewa kukata, au ukuta wa tumbo unachubuka na damu inavuja polepole. Haya si adimu.

Alafu kuna yale ya bahati mbaya, kama ya mama mdogo. Kinga inaona dawa imejibandika kwenye chembe ya damu, inaishambulia chembe pamoja na dawa, au uboho wa mifupa, ule wa ndani ya mfupa unaotengeneza chembe za damu, unapigwa ukaacha kuzalisha. Hapa dozi haina usemi mkubwa, na kinachowachanganya watu ni kwamba unaweza kuwa umeitumia dawa hiyohiyo mara kumi huko nyuma bila shida yoyote, manake mwili unahitaji kwanza kuizoea vibaya ndo uanze vita.

Kingine cha kukishika ni umri wa chembe, kwa sababu ndo unaoeleza kwa nini dalili fulani inatangulia. Chembe nyekundu zinaishi kama siku 120. Chembe sahani siku 7 mpaka 10. Zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria, neutrofili, zikishaingia kwenye mzunguko wa damu hazimalizi hata siku mbili. Kwaiyo uzalishaji ukikatika ghafla, nyeupe ndo zinaisha kwanza na mtu anapata homa na koo, sahani zinafuata na michubuko, na chembe nyekundu kupungua ndo kunakuja mwisho na uchovu. Ila chembe nyekundu zikiwa zinavunjwa hukohuko kwenye mishipa hazisubiri siku 120, mtu anaweza kupauka ndani ya siku chache.

Parasetamoli: mpole zaidi kwa damu, ila ana historia

Kwa upande wa damu peke yake parasetamoli ndo chaguo langu la kwanza na ndo la madaktari wengi. Kwa dozi ya kawaida haizuii chembe sahani kwa kiasi cha kumfanya mtu atokwe damu, haichubui tumbo kama zile nyingine, na visa vya kushusha chembe sahani au chembe nyeupe vipo kwenye rekodi lakini ni adimu sana.

Inapendeza kujua huu upole ulitoka wapi. Mwaka 1886 iliingia dawa ya homa inaitwa asetanilidi, ikauzwa kwa jina la Antifebrin, ikatuliza kweli homa na maumivu, ila wagonjwa wakawa wanageuka rangi, midomo na kucha vinakuwa bluu. Ilikuwa inabadilisha hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu, kuwa methemoglobini, yaani ile chuma iliyo ndani ya hemoglobini inageuka hali na haibebi tena oksijeni. Damu ya mtu wa namna hiyo ukiivuta kwenye sindano ni kahawia kama chokoleti, na hata ukiiacha ikae kwenye hewa hairudi kuwa nyekundu, ukishaiona mara moja huwezi kuisahau. Mwaka 1887 ikaja ndugu yake fenasetini ikiwa na nafuu kidogo. Mpaka 1948 ndo Bernard Brodie na Julius Axelrod wakaonyesha kwamba asetanilidi ikifika mwilini sehemu kubwa inageuzwa kuwa parasetamoli, na hiyo parasetamoli ndo inayotuliza maumivu, wakati sumu ya damu inatoka kwenye mabaki mengine ya njiani. Kwaiyo parasetamoli tunayomeza leo ni ile sehemu iliyofanya kazi, bila yale mabaki. Fenasetini iliendelea kutumika miaka mingi ikiharibu figo za watu na kuvunja chembe nyekundu, Marekani ikaiondoa 1983.

Methemoglobini haijaisha duniani lakini. Wazazi, hapa naomba mnisikilize: zipo jeli za kupaka kwenye fizi za mtoto anayeota meno, zenye benzokaini, na benzokaini inaweza kuleta hilohilo tatizo la damu ya kahawia. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisema zisitumike kabisa kwa watoto chini ya miaka 2. Ukiniwekea hiyo jeli na parasetamoli ya maji iliyopimwa kwa uzito wa mtoto, sifikirii mara mbili, nachukua parasetamoli, na pale fizi zinaposumbua tu bila homa, kitambaa safi chenye ubaridi kinatosha.

Tahadhari za parasetamoli ni chache. Mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akimeza parasetamoli kidonge kimoja kimoja siku moja hakuna neno, ila akiimeza kila siku gramu 2 na kuendelea kwa siku kadhaa, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita ilivyopangwa, INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) inapanda, apime mapema. Alafu ini, mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, na ahesabu na ile iliyofichwa ndani ya dawa za mafua.

Aspirini na ibuprofeni: zote zinagusa chembe sahani, tofauti ni muda

Hapa ndo watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Zote mbili zinazuia kimeng'enya kinachoitwa COX ambacho chembe sahani inakihitaji ili iwaite wenzake waje kuziba jeraha. Fikiria hicho kimeng'enya kama kiti. Ibuprofeni inakikalia, ikichoka inainuka inaondoka, kiti kinabaki kizima. Aspirini inakivunja. Na chembe sahani haina kiini, haiwezi kutengeneza kiti kingine, kwaiyo ikishavunjiwa inabaki hivyo mpaka ife, ndo hizo siku 7 mpaka 10. Kidonge kimoja cha aspirini ulichomeza Jumatatu bado kinaonekana kwenye damu yako wiki nzima, wakati ibuprofeni kwa mtu mwenye afya chembe sahani zinakuwa zimerudi kazini ndani ya saa 24 hivi. Naproksini iko katikati, inachukua siku kadhaa.

Kwaiyo kama unaenda kung'olewa jino wiki hii au kufanyiwa upasuaji na unatafuta cha kutuliza maumivu, aspirini ndo mbaya zaidi kuichagua, ibuprofeni inafuata, parasetamoli ndo salama. Ila kama aspirini ulipewa na daktari kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi usiiache mwenyewe eti kwa sababu ya jino, muulize aliyekupa, kuiacha kunaweza kukuletea damu kuganda mahali pabaya kuliko hilo jino.

Na hawa wawili wakikutana kuna jambo ambalo wafamasia wengi wanalijua lakini halifiki kwa mgonjwa. Ukimeza ibuprofeni kwanza inakaa kwenye kiti, aspirini inakuja inakuta kiti kina mtu, haiwezi kukivunja, na aspirini haisubiri, inaondoka kwenye damu haraka sana, ndani ya dakika 15 mpaka 20 nusu yake imeshakwisha. Ibuprofeni inainuka baadaye, aspirini haipo tena. Matokeo yake mtu anameza aspirini ya moyo kila siku akiamini analindwa kumbe ibuprofeni imemfungia mlango. FDA walitoa maelekezo 2006: kwa aspirini ya kawaida isiyo na gamba maalum, meza ibuprofeni angalau dakika 30 baada ya aspirini, au ipite zaidi ya saa 8 kabla ya aspirini. Mtu wa namna hii akiniuliza, namwambia mara mojamoja afuate hiyo ratiba, ila kama maumivu ni ya kila siku arudi kwa daktari wabadilishe.

Watoto na vijana wenye homa ya virusi wasipewe aspirini, sababu ni ugonjwa wa Reye unaopiga ini na ubongo. Na mtu yeyote anayehisiwa ana dengi asiguse aspirini wala ibuprofeni wala diklofenaki, dengi yenyewe inashusha chembe sahani, ukiongeza dawa inayozizuia zile chache zilizobaki unamsogeza mgonjwa kwenye kutokwa damu. Parasetamoli tu.

Diklofenaki, naproksini, indometasini na asidi mefenamiki

Hawa ni ukoo mmoja na ibuprofeni. Tofauti zao kwenye damu ni ndogo lakini zipo. Diklofenaki na asidi mefenamiki zinajulikana kwa kuweza, kwa nadra sana, kuifanya kinga ivunje chembe nyekundu, mtu anapauka, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa na rangi ya chai nzito. Indometasini na diklofenaki pia zilitajwa kwenye utafiti mkubwa wa kimataifa wa agranulositosi (neutrofili kuisha kwenye damu) na upungufu wa damu wa uboho uliotolewa 1986, zikihusishwa na uboho kukauka, kwa viwango vya watu wachache sana kati ya mamilioni.

Lakini nikuambie ukweli ninaouamini: ukiwa na wasiwasi wa damu na hizi dawa, usianze kuwaza uboho, anza kuwaza tumbo. Wanaopoteza damu kwa kuvuja tumboni taratibu ni wengi kuliko wote wanaopata haya magonjwa adimu ukiwajumlisha. Unakuta mama wa miaka sitini anameza diklofenaki kila siku kwa mgongo, hana maumivu ya tumbo hata kidogo, miezi inapita anaanza kuhema akipanda ngazi, anaambiwa ni umri, akipimwa hemoglobini iko chini na chuma imeisha kabisa. Damu ilikuwa inatoka matone matone kwenye choo bila hata kubadilisha rangi. Wengine wanaanza kuona choo cheusi kinachonata kama lami, hapo tayari ni dharura. Hatari inapanda ukiwa na umri mkubwa, umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, vidonge vya steroidi, au zile dawa za sonona za kundi la fluoksetini na setralini, manake hizo nazo zinapunguza nguvu ya chembe sahani. Ukilazimika kutumia muda mrefu, omba dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli na upimwe hemoglobini.

Na usichanganye wawili wa huu ukoo. Majina ya kwenye pakiti yanadanganya, mtu anakuwa na diklofenaki ya vidonge na ibuprofeni ya mafua anadhani ni vitu tofauti. Soma jina la dawa lenyewe lile dogo la chini.

Selekoksibu, kwa wale ambao chembe sahani zao haziruhusu mchezo

Kile kimeng'enya cha COX kina aina mbili, na chembe sahani zinatumia COX-1. Selekoksibu inazuia zaidi COX-2, kwaiyo chembe sahani inaziacha zifanye kazi na tumbo linapata afueni kiasi. Kwa mtu mwenye hemofilia, ugonjwa wa kuzaliwa wa damu kutoganda vizuri, anayeteswa na viungo, parasetamoli ikishindwa, madaktari wake wanaweza kumpa hii pale ambapo diklofenaki isingefaa kabisa. Bei unayolipa ni upande wa moyo: ndugu yake rofekoksibu aliondolewa sokoni 2004 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi asiichukue.

Metamizoli: dawa moja, dunia mbili

Hii ndo ningetaka ukae nayo kidogo. Wengine wanaijua kama dipironi, au kwa jina la Novalgin, ipo tangu 1922. Kutuliza inatuliza, maumivu ya mawe ya figo, ya baada ya upasuaji, homa iliyogoma kushuka, na tumbo inaliumiza kidogo kuliko diklofenaki. Ndo maana Ujerumani, Hispania, Poland na Brazil wanaitumia sana. Alafu ukivuka kwenda Marekani haipo tangu 1977, Uingereza haina kibali, Sweden waliiondoa 1974, wakairudisha 1995, wakaiondoa tena 1999.

Kinachowagawa ni agranulositosi. Neutrofili zinashuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, wakati kawaida ni 1,500 na kuendelea, na mtu anabaki hana askari. Bakteria wale wa kawaida wanaoishi mdomoni na kooni kila siku bila kukufanya chochote wanageuka maadui. Dalili zake zinafanana mno na mafua makali: homa ya ghafla na kutetemeka, koo linauma huwezi kumeza mate, vidonda mdomoni, au sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Na hapo ndo mtego ulipo, ndugu yangu, kwa sababu mtu mwenye homa na koo anafanya nini? Anameza tena dawa ya kushusha homa, ileile metamizoli. Anaongeza kuni kwenye moto.

Umeshaona kwa nini nilianza na umri wa chembe. Neutrofili hazina akiba ya muda mrefu, kwaiyo hii inaweza kumwangusha mtu ndani ya siku chache, na bila antibiotiki za haraka ni hatari ya kifo. Haijali umetumia siku ngapi, inaweza kuja siku ya tatu, inaweza kuja baada ya wiki kadhaa, hata muda mfupi baada ya kuacha, na hata kwa mtu aliyeitumia zamani bila shida.

Ni adimu kiasi gani? Ule utafiti wa 1986 ulipata takriban mtu 1 wa ziada kati ya milioni kwa wiki moja ya kutumia, tafiti nyingine zimetoa hatari kubwa zaidi ya hapo, na namba zimetofautiana nchi na nchi mpaka leo watu wanabishana. Hispania 2018 mamlaka yao ya dawa ilishauri isitumike kwa watu ambao haiwezekani kuwafuatilia, wapita njia kama watalii, jambo ambalo naliona ni la busara kwa sababu dawa hii inahitaji mgonjwa aelewe maelezo na awe na pa kurudi. Finland kampuni ilijitoa yenyewe, na hapo ndo shirika la dawa la Ulaya, EMA, likaipitia upya, Septemba 2024 likasema faida bado inazidi hatari, ila kila mgonjwa aambiwe dalili na aache mara moja akiziona. Walisema pia kwamba kupima damu kila baada ya muda hakujaonyesha kusaidia kuigundua mapema, na ukifikiria ni kweli, kipimo cha Jumatatu kinaweza kuwa kizuri na Alhamisi huna neutrofili.

Kwaiyo metamizoli na parasetamoli kwa homa ya kawaida nyumbani: parasetamoli. Kwa maumivu makali ya mawe ya figo mtu akiwa hospitali, figo zake haziruhusu diklofenaki, na ameelezwa dalili: metamizoli inaweza kuwa chaguo zuri tu na sitamtisha mtu. Aliyewahi kushuka chembe nyeupe kwa sababu yoyote, au yuko kwenye dawa za saratani, au ana ugonjwa wa uboho, hapana kabisa.

Fenilbutazoni nitaigusa tu. Ilianza kutumika kwa binadamu 1949 kwa gauti na viungo, ikakausha uboho wa watu, kufikia miaka ya 1980 nchi nyingi zikawa zimeiondoa au kuibana sana. Leo zaidi ni dawa ya farasi. Mtu akikuletea vidonge vya viungo visivyo na jina vinavyofanya maajabu, uliza ndani kuna nini, na usipopata jibu usimeze.

Dawa kali za maumivu, na zile zisizoitwa dawa za maumivu

Morfini, kodeini na tramadoli haziharibu chembe sahani, shida zao ni nyingine, usingizi, choo kigumu, uraibu, ingawa tramadoli inaweza kupandisha INR kwa mtumiaji wa warfarini. Kabamazepini wanayopewa watu wenye maumivu ya mshipa wa uso inashusha kidogo chembe nyeupe kwa baadhi yao na mara nyingi inatulia yenyewe, ila kwa nadra inaweza kupiga uboho wote, kwaiyo damu inapimwa kabla ya kuanza na ukiona homa, koo au michubuko unarudi.

Methotreksati nayo nitaisema kwa nguvu. Ya viungo inamezwa mara moja kwa WIKI. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa, uboho unazimika. Na ukiongezea ibuprofeni au diklofenaki bila daktari kujua, figo zinaweza kuchelewa kuitoa na ikajaa mwilini, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu.

Sasa wewe uchukue ipi

Una afya, kichwa au homa tu: parasetamoli, na ibuprofeni ni sawa kwa siku chache, unaweza kuiweka ya pili bila hofu ya damu. Jino limevimba au kifundo kimeteguka, ibuprofeni inafanya vizuri zaidi maana inashusha uvimbe. Unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda: parasetamoli kwa dozi ndogo, ule ukoo wa ibuprofeni kaa nao mbali mpaka daktari aseme. Una upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kuzaliwa inayofanya chembe nyekundu zivunjike kirahisi: parasetamoli na ibuprofeni kwa dozi ya kawaida huwa zinavumilika, aspirini ya dozi kubwa epuka. Chembe sahani zako tayari ziko chini, kwa sababu yoyote ile, parasetamoli na daktari wako. Na kama dawa fulani ilishawahi kukushushia chembe sahani kama mama mdogo, usijaribu tena hata nusu kidonge, mwili unaikumbuka, mara ya pili inaweza kuchukua saa chache tu.

Ukiwa kwenye dawa yoyote kati ya hizi na ukaona homa pamoja na koo na vidonda mdomoni, au vidoa vya ncha ya sindano na fizi kutoa damu, au mkojo wa rangi ya chai na macho ya njano, au midomo ya bluu, acha dawa, nenda siku hiyohiyo, omba picha kamili ya damu, na beba pakiti. Usiseme tu "nilimeza dawa ya maumivu", ionyeshe. Sisi tulichelewa karibu saa mbili kwa sababu mama mdogo alisema anatumia dawa ya magoti na hakuna aliyejua ni ipi mpaka nikarudi nyumbani kuitafuta kwenye droo.

Siku hizi kwenye pochi yake kuna kikaratasi nilichomwandikia kwa kalamu nyeusi nikakifunika na gundi ya plastiki. Kimeandikwa naproksini, chini yake tarehe, chini yake "chembe sahani 9,000", na upande wa pili majina yote ya kibiashara ya naproksini tuliyoyapata, ili popote atakapoandikiwa dawa akitoe kwanza.